Mlango wa Kuniaga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya shule hii, Bwana Zacharia Kahiga. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Idah Waceke, Naibu wake, Bwana Bedan Njau, mfawidhi wa sherehe, uliyenipa dakika kumi huku ukijua fika kwamba salamu peke yake hunimalizia tano, Mchungaji, walimu wenzangu, wapishi, walinzi na watu wa ofisi, wazazi mliotoka Ruiru, Juja, Witeithie na hata Thika mjini, wanafunzi wangu, na ninyi ndugu watatu mlioketi chini ya hema la pili, karibu na sufuria za pilau, ambao majina yenu sikuyaona katika orodha ya wageni: nawasalimu nyote. Hamjambo?

Hatujambo, mmesema. Ndugu watatu hawakuitikia, lakini si neno. Chakula kipo cha kutosha, na hapa hatumfukuzi mtu aliyekuja kwenye sherehe.

Mtaniwia radhi nikiishika karatasi hii kwa mikono miwili. Maggie wa hesabu ameninong'oneza sasa hivi, "Madam, ni baridi ama ni machozi?" Si baridi, Maggie, na machozi bado. Ni woga. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka thelathini na minne, nimesimama mbele ya wakaguzi waliokuja bila taarifa, nimesimama mbele ya wazazi waliokuja kunifokea kwa sababu ya alama za watoto wao, na sikuwahi kuogopa kama ninavyoogopa leo, siku ambayo mlipaswa kunipa keki na kuniacha niende zangu. Nasema mapema ili sauti ikikatika msidhani nimelemewa na sifa. Sifa nimezisikia, asanteni, nyingine hata si zangu. Bwana Njau amesema sijawahi kuchelewa kazini. Njau, wewe ungejuaje, nawe ulikuwa hujafika?

Nianze na lile linalowachekesha. Mwezi uliopita kamati ya kuniaga ilimtuma Cindy wa ofisi aniulize nataka zawadi gani. Waliostaafu kabla yangu walipewa tangi la maji, kochi, mbuzi wawili, na Bwana Absalom wa kilimo akapewa saa ya ukutani ambayo mpaka leo inasema saa nne. Mimi nikasema nataka mlango. Cindy akacheka. "Madam, mlango kama mlango?" Nikamwambia ndiyo, mlango wa chuma, futi saba kwa tatu, wenye makomeo mawili kwa ndani, na fundi ninayemtaka ni yule wa Witeithie, kando ya barabara. Alirudi mara tatu kuhakikisha. Chumba cha walimu kikapata la kuzungumza wiki nzima. Wengine wakasema Madam Sifuna amejenga kwao Webuye, nyumba imekwisha, imebaki mlango tu. Sikuwakanusha. Leo mmeuleta, mmeupaka rangi ya samawati, mmeufunga utepe, umeegemea ukuta pale nyuma ya keki, na kila anayepita anaubisha akicheka. Hodi, hodi! Nimewasikia. Kabla sijaketi nitawaambia mlango huo unakwenda wapi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita Chama cha Kiswahili cha shule hii kilikuwa na wanachama tisa na tarakilishi moja, nayo ilizimika kila mara jikoni walipowasha pampu ya maji. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mwas, akasimama akasema tufungue blogu. Mimi nikakunja uso. Nikawaambia Kiswahili kina neno lake, ni shajara. Ukitaka ya tarakilishi, sema shajara ya mtandaoni. Mwas hakunionea haya. "Lakini Madam, shajara ni ya kuficha chini ya godoro. Hii yetu ni ya watu wote. Nani atatafuta kwa simu kitu inaitwa shajara ya mtandaoni? Wacha tu tuite blogu." Wenzake wakampigia makofi, tukapiga kura, nikashindwa kura nane kwa mbili, na ile ya pili naamini ilikuwa ya huruma.

Lynn, aliyekuwa katibu, akachukua kalamu ya wino mzito akayaandika maneno yote kwenye karatasi ya manila. Blogu, ndiyo hiyo shajara ya mtandaoni. Mwanablogu, mwenye kuiandika. Kublogu, kazi yenyewe. Chapisho, kila andiko linalopandishwa. Maoni, yale wasomaji wanayoyaandika chini yake. Kiungo, cha kubofya ukafika. Nywila, neno la siri la kufungulia. Karatasi ile bado imebandikwa ukutani, imegeuka manjano, na nimewafundisha watoto maneno yale kama ninavyofundisha majina ya ndege na wadudu: tamka, andika, tunga sentensi, keti. Nilidhani nayajua. Ndugu zangu, nilikuwa siyajui hata moja.

Mwas alisema kweli kuliko alivyofahamu. Shajara inasomwa na mwenyewe. Blogu inasomwa na mtu yeyote, hata asiyekutakia mema, na wakati anaposoma humwoni. Je, kuna jambo la kuogofya zaidi ya kusomwa na mtu ambaye humwoni? Mwaka ule sikujiuliza. Nilifurahi tu kwamba watoto wanaandika.

Nikawapa kanuni moja. Mnajua insha zetu zilivyo: ilikuwa asubuhi ya kupendeza, ndege walikuwa wakiimba, na mtoto mwenyewe anaishi mahali ambapo ndege pekee ni kuku wa jirani. Nikawaambia sitaki kuwaona hao ndege tena. Anzieni mlangoni kwenu. Simama mlangoni, tazama nje, niandikie unachokiona kwanza, ndipo unieleze lililotokea. Basi wakaandika! Mmoja wa Kamakis akauona moshi wa nyama choma na baba yake akibeba sinia za watu wengine. Mmoja wa karibu na Chania akaona wageni wakipiga picha maporomoko, na mama yake akijificha nyuma ya nguo alizoanika ili asitokee kwenye picha. Kila Ijumaa, saa kumi jioni, nilibofya na chapisho likapanda. Katika miaka kumi na mmoja hatukukosa Ijumaa hata moja, wala likizoni.

Na hakuna aliyeandika kwa jina lake. Kila mtoto alijichagulia jina la kalamu, na tukakubaliana yawe majina ya vitu vya jikoni: Mwiko, Kifuniko, Kijiko, Sinia. Jina la kalamu na jina la kweli nikayaandika katika daftari moja tu, ambalo nililifungia kabatini. Nitarudi kwa daftari hilo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Najua unalisubiri.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea ukurasa mmoja na nusu. Jina lake la kalamu ni Chujio, na hilo ndilo jina pekee mtakalolisikia kwangu. Msiniulize ni mvulana au ni msichana. Ukurasa wenyewe naukumbuka wote. Ulianza hivi: "Kutoka mlangoni kwetu naona tangi jeusi lililolalia kulia, kamba ya nguo yenye fundo katikati, na nyuma yake jumba la orofa sita ambalo halijaingia watu. Jumapili, majirani walipokuwa kanisani, mafundi walikuja na ndoo za saruji wakaziba ufa ulio kwenye nguzo ya chini. Jumamosi kidole changu kilikuwa kimeingia katika ufa huo mpaka pingili ya pili. Jumatatu mkaguzi alikuja, akaipiga nguzo kofi, akaenda. Watu wataanza kuhamia mwisho wa mwezi."

Nilisoma nikiwa nimeketi, nikamaliza nikiwa nimesimama. Nilisahihisha mkato mmoja. Kitu nilichopaswa kufanya, walimu wenzangu, ni kuifuta sentensi ile ya kwanza. Mtoto angeweza kusema "jirani na kwetu kuna jumba," ikatosha. Nililiona hilo, nawaapia niliona, kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Lakini lile fundo katikati ya kamba! Miaka yote nawafundisha watu kuona, na huyu ameona. Nikaipenda sentensi kuliko nilivyompenda mwenye kuiandika. Nikaiacha, nikabofya.

Kilichofuata mwakijua. Chapisho lilisambaa. Kwa kawaida tulisomwa na wazazi wachache na Lynn, yule katibu wetu, alipokuwa chuoni. Safari hii likafika kwa watu tusiowajua. Wakaja wakaguzi wengine, hawa wakiwa na nyundo, wakaibandua ile saruji mpya, wakatazama ndani wakatazamana. Siku hiyo hiyo jumba likapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kubwa kama mtu mzima. Watu waliokuwa wameshafunga vyombo vyao wakafungua tena. Hakuna familia iliyolala chini ya nguzo ile. Nami nilijivuna, sitawaficha. Jumapili ile nilikwenda kanisani na kofia mpya.

Jumatano nikafungua maoni. Yalikuwa mengi, hongera, Mungu awabariki, kijana andika zaidi. Katikati yake kulikuwa na moja lisilo na jina. Lilisema, "Tangi tumeliona. Bado kamba."

Nilisoma mara ya pili. Nikajiambia ni mzaha wa vijana. Siku ya pili, mtu yule yule, mahali pale pale, "Kamba tumeiona."

Hapo ndipo nilipojua maana ya maoni. Nikakaa sakafuni katika maktaba ya shule hii, mimi mtu mzima, na mtunza maktaba akanikuta pale akadhani nimeanguka. Nikalifuta chapisho. Cindy akaniambia, "Madam, kufuta hakusaidii, watu walishapiga picha." Alisema kweli. Nilikuwa nimempa kila mtu ramani ya kwenda kwa mtoto wa watu, na ramani hiyo niliifundisha mwenyewe, miaka kumi na mmoja, nikiiita kanuni.

Jumanne iliyofuata, saa kumi kasorobo, wanaume watatu waliingia katika ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Witeithie. Nasimulia kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo. Mmoja alikuwa na simu mkononi. Walikwenda mlango kwa mlango, na kila mlango walifanya jambo moja: waligeuka, wakaupa mlango mgongo, wakatazama nje, wakatazama simu. Mlango wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Hawakugombana na mtu, hata walisalimu. Wanawake waliokuwa wakichambua mboga waliacha kuchambua. Walipofika mlango wa tano, mwenye simu akasema, "Hapa." Wa sita, "Na hapa." Wa saba, "Hata hapa." Milango mitatu inaona tangi lile lile na kamba ile ile. Na katika vyumba hivyo vitatu wanatoka wanafunzi wanne wa shule hii.

Wakamwendea mama wa namba sita. "Niaje, mathe. Hapa nani anasoma high school?" Mama akasema, "Watoto wako shule. Mnataka nini?" "Tunataka tu kujua nani anapenda kusimama mlangoni." Mama yule hana urefu wa kunifikia begani. Akawajibu, "Sisi hatusimami mlangoni. Sisi ni watu wa kufulia watu nguo." Mmoja akacheka, akasema, "Basi mlango hauna kazi." Wakatoa tindo, wakang'oa bawaba watu wakitazama mchana mweupe, wakaubeba mlango wakautia kwenye pikapu. Kisha yule mwenye simu akawaambia wa namba tano na wa namba saba, kwa upole kabisa, "Tukijua ni nani kati yenu, tutarudi."

Mama alitundika leso pale palipokuwa na mlango. Alikaa siku mbili hivyo, kisha akahama na watoto wake. Sitasema wamekwenda wapi. Sitasema pia kama watu wale walikosea mlango au walipatia, na yeyote anayenitazama usoni sasa hivi akitafuta jibu, aendelee kutazama, nimezoea kutazamwa. Niliandikisha ripoti kituoni. Mlango haujapatikana.

Tangu siku hiyo naogopa vitu ambavyo mtu wa umri wangu angeona haya kuvitaja. Naogopa pikipiki inayosimama nje bila kuzimwa. Naogopa simu ikiita namba nisiyoijua. Darasani naona watoto wananikabidhi madaftari yakiwa yamefungwa kwa mpira, wanayaweka mezani kichwa chini, kisha wanakaa wakiyaangalia mpaka nitoke. Wiki mbili zilizopita mtoto wa kidato cha kwanza alinipa ukurasa wenye mstari mmoja tu: "Kutoka mlangoni kwetu sioni kitu." Niliupa alama ngapi? Niliukunja, nikautia katika Biblia yangu, na umo mpaka leo.

Sasa nije kwako, Mheshimiwa Mwenyekiti. Uliniletea barua, na barua yenyewe ilikuwa na adabu. Ilisema kwamba leo, mbele ya Bodi, nikabidhi funguo za kabati, nywila ya blogu, na daftari lenye majina ya kalamu na majina ya kweli, kwa kuwa kuna mtu mwenye malalamiko ambaye ameomba kwa njia ya amani kumjua mwandishi. Sikulaumu. Ulipoileta ulikuwa unatazama viatu vyangu, Zacharia, nami nikajua kwamba na wewe umetembelewa.

Wengi hapa hawajui kwamba Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wangu. Kidato cha tatu, mwaka wa tisini na nane, dawati la dirishani, sweta lililoliwa na mende kwenye kola. Aliandika insha juu ya baba yake, na mguu ambao baba yake aliuacha katika machimbo ya mawe. Ilikuwa insha bora kuliko zote nilizowahi kupokea, na mimi, kwa furaha yangu ya kijinga, nikaisoma mbele ya darasa bila kumwomba ruhusa. Niliposema jina lake, darasa zima liligeuka. Hakulia. Alilaza kichwa juu ya dawati mpaka kengele ikalia, na muhula mzima hakunijibu salamu. Ni kwa sababu yako, Zacharia, majina ya kalamu yalianza katika shule hii. Niliapa sitamfanyia mtoto mwingine hivyo. Sikuwahi kukuomba msamaha, na leo naomba, mbele ya watu hawa wote, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu.

Basi tukabidhiane. Funguo hizi hapa. Nywila nampa Mwalimu Lynn, yule yule wa karatasi ya manila, aliyeturudia mwaka jana akiwa mwalimu wa Kiswahili na sasa ndiye mlezi wa Chama. Nimeshamnong'onezea, ameihifadhi kichwani. Na daftari ni hili, limejalidiwa kwa karatasi ya kaki, na muhuri wa shule upo. Lipokee. Fungua ukurasa wowote utusomee. Ulikuwa na sauti nzuri ya kusoma.

Naona unasoma kimya. Nitakusaidia. Mwiko, jina la kweli: Wilkister Sifuna. Kifuniko: Wilkister Sifuna. Kijiko: Wilkister Sifuna. Geuza. Sinia, Wilkister Sifuna. Chujio, Wilkister Sifuna. Yako majina mia mbili na kumi na mawili upande wa kushoto, na upande wa kulia liko moja. Aliyesahihisha kila chapisho ni mimi, aliyelipandisha ni mimi, aliyebofya kila Ijumaa ni mimi. Mwenye malalamiko amepata mtu wa kumlalamikia. Kama kuna anayeuliza kuhusu daftari la zamani, Mourine wa jikoni ni shahidi yangu kwamba moto wa githeri ya Jumanne ulipata kuni za karatasi, ikaiva mapema kuliko siku zote.

Hebu kidogo. Unatoa kalamu, Mwenyekiti? Unaandika nini hapo?

Ameandika, "Limepokelewa, limekamilika," akatia sahihi. Ng'ai, Mungu wangu! Umetia sahihi ukijua, mwanangu. Tuko wawili, basi. Asante. Sina maneno mengine ya kukushukuru, nami ni mwalimu wa lugha.

Sasa umebaki mlango. Nyumba ya mwalimu natakiwa kuiacha Jumamosi. Mwanangu Khisa amenipigia simu kila siku: "Mama, wachana na hayo maneno, kuja nyumbani." Nimemwambia nitakuja Krismasi. Kwani chumba namba sita, katika ploti ile, kilikuwa hakina mtu, na hakuna aliyetaka kupanga chumba kisicho na mlango. Nimekipanga mimi. Fundi aliyetengeneza mlango huu nilimtaka yeye kwa sababu ndiye aliyepima fremu. Futi saba kwa tatu, makomeo mawili. Leo jioni utatiwa bawaba, na mimi nitalala nyuma yake.

Mbona hamcheki tena?

Mama wa namba tano na mama wa namba saba, mko hapa, sitawatazama. Nataka tu mjue kwamba ukuta wangu na kuta zenu ni zile zile, na mimi nakoroma, mtavumilia. Ndugu watatu wa hema la pili, sijui mmetumwa na nani au hamkutumwa, labda mlipita tu mkasikia harufu ya pilau, na kama ni hivyo mnisamehe. Lakini namba ya chumba mmeisikia. Hakuna tena haja ya kusimama milangoni pa watu na simu. Mwandishi anaishi namba sita, mlango wa samawati, na anawaogopa, na atawafungulia mkibisha kwa heshima.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza jana, "Madam, kwa nini usinyamaze tu, si umestaafu?" Nimekaa na swali lake usiku kucha. Nikinyamaza, mtoto wa kidato cha kwanza atakuwa ameandika ukweli: kutoka mlangoni kwetu sioni kitu. Nami siwezi kustaafu nikimwachia mtoto sentensi hiyo.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, kanuni ya zamani nimeifuta. Msianzie tena milangoni kwenu. Kuanzia sasa kila chapisho la blogu hii, liwe limeandikwa na nani, limetokea Ruiru au Kamakis au Thika, litaanza na mlango wangu: tangi jeusi lililolalia kulia, kamba ya nguo yenye fundo katikati. Baada ya hapo andikeni mliyoyaona. Mlango nawaazima. Wote simameni hapo, na anayetafuta mmoja wenu atanikuta mimi.

Na ninyi watu wazima, wazazi, walimu, Mchungaji, Mwenyekiti, zawadi mmenipa nzuri, lakini nina ombi moja zaidi. Ijumaa saa kumi jioni, kila Ijumaa, fungueni blogu; Lynn hatabofya kabla hajasikia sauti yangu. Mkiliona chapisho, endeleeni na shughuli zenu, mjue Wilkister yu mzima na ananung'unika kuhusu bei ya sukari. Msipoliona, nawasihi, msikae kuandika maoni. Njooni Witeithie mnibishie hodi, na mje wengi.

Nawashukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa keki, kwa nyama, na kwa kunivumilia nikisoma huku karatasi ikitikisika. Mmenisikiliza mpaka mwisho, Mungu awalipe. Bwana Njau, nitafutie watu wanne wenye mgongo mzuri, tuubebe mlango kabla giza halijaingia. Kesho ni Ijumaa.